Petroli ya Shukrani

Nianze na kosa langu, nisije nikalipita nikiwa katikati ya maneno. Mimi niliwahi kuzimisha gari lenye mgonjwa ndani, njiani, mahali ambapo hata ukipiga kelele anayekujibu ni nyani. Sikuwa na ugomvi na mwenye gari. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mtu wa nyumbani kwangu. Nililizimisha kwa wema, na mfano ninaotaka kuwapa asubuhi hii ni huo, nami nimo ndani yake kwa upande usio mzuri.

Mtu mmoja alikuwa na gari. Jina lake ni Lutengano, wa kule bondeni, na gari lenyewe ni Landrova ya zamani aliyoachiwa na baba yake. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na kiti cha nyuma kilikuwa ubao. Lakini wakati wa masika, barabara yetu inapogeuka uji, hakuna gari jingine lililokubali kupanda huku juu. Mgonjwa akizidiwa tulimpigia Lutengano, naye alikuja. Hakuwahi kuuliza mgonjwa anasali wapi.

Gari hilo lilitumia petroli, na lilikunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Petroli huku juu mnajua inavyopatikana: kwa chupa, dukani, leo ipo kesho haipo. Ndipo vijiji vikaweka utaratibu. Kila kijiji kikawa na dumu moja, la kuchangiwa, tukaliita dumu la shukrani. La kwetu lilikaa kanisani nyuma ya mimbari, pamoja na mishumaa, Mungu atusamehe. Mtunzaji nilikuwa mimi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na ufunguo ninao. Gari likifika, wanawake wakiwa wanamtayarisha mgonjwa, mimi nalichukua dumu, nafungua tangi, namimina. Simwambii Lutengano, naye haniulizi. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa mlimani. Mgeni haulizwi kama ana njaa, maana ukimwuliza atasema ameshiba. Unamwekea chakula mbele yake, basi. Gari nalo tulilihesabu mgeni.

Masika moja Lutengano alikuwa anamshusha mzee mmoja wa kijiji cha ng'ambo. Dumu la huko lilikuwa tupu, na petroli ikamwishia katikati ya msitu. Mzee yule alifia garini, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, wakati Lutengano anakimbia kwa miguu kutafuta chupa ya petroli. Alipata. Alirudi nayo. Alimkuta mama yule amekwisha kumfunika mumewe uso.

Baada ya mazishi Lutengano aliliegesha gari pembeni ya nyumba, akawa analizunguka tu. Watu wakamshauri aliuze kama chuma chakavu. Wengine wakamwambia apige rangi, alibadilishe viti, labda baraka itarudi. Yeye alilala chini yake, akagonga chesisi kwa nyundo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akisikiliza. Akatoka na vumbi usoni akasema chesisi ni nzima, ekseli ni nzima, magurudumu yote manne yanavuta. Kilichokuwa kinawaua watu ni moyo unaotaka chakula kisichopatikana huku tunakoishi. Dizeli, alisema, ipo kila mahali penye mashine ya kusaga, na mashine ya kusaga ipo kila kijiji.

Basi akatafuta injini ya dizeli. Aliipata kwenye gari la mizigo lililokuwa limetumbukia korongoni. Bodi yake ilikuwa imekunjamana kama jani kavu la mgomba, lakini injini ilikuwa haijaguswa. Gari moja lilikufa, jingine likapata kuishi. Hilo sitawaeleza zaidi. Ninyi nyote mmebatizwa.

Akasimamisha magogo matatu uani, akayafunga juu, akaning'iniza mnyororo, akaing'oa injini ya petroli. Sisi tulikwenda kutazama kama watu wanaokwenda mnadani. Injini mpya ilipoletwa na kuwashwa chini pale kwa kujaribiwa, iliguruma mpaka kuku wakakimbia. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Lutengano, ukishamaliza tutakuletea mahindi?"

Watu wakacheka. Yeye hakuinua hata kichwa. "Leta, Mzee," akasema. "Ila pumba uondoke nazo mwenyewe."

Wakacheka tena, safari hii kwa hasara yangu.

Osia, yule mwenye mashine ya kusaga ya kijiji cha kati, aliitazama injini kwa muda mrefu kisha akatikisa kichwa. "Haitakaa humo, ndugu yangu. Hii ni nene. Ni kama kumvika kaka mtu mzima kaptula ya mdogo wake."

Na kweli haikukaa. Hapa ndipo ninapomheshimu Lutengano mpaka leo, na ningependa nanyi mmheshimu. Maana mimi nilidhani kubadilisha injini ni kutoa na kutia, kama mtu anavyobadilisha shati. Kumbe injini ya dizeli ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, na ndefu zaidi. Alipoiteremsha mahali pake, pua ya gari iliinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Ikabidi aongeze majani ya springi za mbele. Vile vishikio vya zamani vilivyobeba injini ya kwanza havikufaa hata kimoja. Akavikata, akachomelea vingine. Rejeta ikasukumwa mbele. Injini na giaboksi vilikataa kushikana, kwa kuwa havikuzaliwa pamoja. Akatafuta bamba nene la chuma, akalitoboa matundu upande huu kwa kipimo cha injini na upande ule kwa kipimo cha giaboksi, likae katikati yao liwapatanishe.

Alipolifunga bamba hilo mara ya kwanza na kuwasha, gari lote lilitetemeka kama mwenye homa. Matundu yalikuwa yamepishana kidogo tu, unene wa ukucha haufiki. Mimi nilikuwepo. Nikamwambia, "Si linatembea? Liache hivyo hivyo, litazoea."

Akasema, "Mzee, litazoea leo, litavunjika siku nina mtu ndani." Akafungua kila kitu, akaanza upya.

Vile vya zamani alivitoa vyote. Plagi alizitoa, kabureta akaitoa, nyaya za kupeleka moto kwenye plagi akazitoa. Dizeli haina haja ya cheche. Hukandamizwa mpaka iwake yenyewe. Kuna mtu alimwambia aviache tu vifaa vile vikae pale pembeni, huenda siku moja akavihitaji. Akavitia kwenye gunia, akampa fundi wa mjini. Tangi alilishusha, akalisafisha, akalianika juani mpaka harufu ya petroli ikaisha. Alipolirudisha, aliweka na bomba la pili la kurudisha dizeli inayobaki, kwa kuwa injini hii haimezi yote inayopewa. Kinachozidi inakirudisha nyumbani. Nililiona hilo nikasema moyoni, laiti ningekuwa na bomba kama hilo mimi.

Siku alipoliwasha tena, halikutetemeka. Lilitulia pale uani linanguruma kwa sauti nzito, na yeye akavua kofia. Mke wake ndiye aliyepiga vigelegele.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Mke wa mwanangu, Yusta, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwanangu alikuwa kazini mbali, na mama yake, mke wangu, alikwisha kufariki, kwa hiyo Yusta alikuwa mikononi mwangu. Uchungu ulimwanza alfajiri. Mkunga wetu alimpapasa tumbo, akatoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mtoto amekaa kwa ubavu. Huyu hapa hajifungui. Akichelewa tutawazika wote wawili."

Nikampigia Lutengano. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na mimi nilitegemea kusikia likikwama kule kwenye tope la mto, kama zamani. Halikukwama. Tulilisikia likipanda polepole, bila hasira, na kabla umande haujakauka lilikuwa mlangoni. Lutengano akashuka, akaingia ndani kusaidia kumbeba Yusta.

Nami nikafanya nilichozoea. Nilikwenda kanisani mbio, nikafungua, nikatoa dumu. Lilikuwa limejaa, maana halikuwa limeguswa tangu gari lilipoegeshwa. Ndugu zangu, mimi nilikuwa najua. Injini ile niliiona kwa macho haya. Niliicheka kwa mdomo huu. Lakini mwili wa gari ulikuwa ule ule, mlango uliofungwa kamba ule ule, kifuniko cha tangi kile kile, na mkono wangu haukuwa na habari za injini. Moyo wangu ulikuwa umejaa shukrani kwa mtu huyu aliyekuja kumwokoa mtoto wangu. Nikamimina petroli yote, mpaka tone la mwisho, nikalitikisa dumu. Nikamwona mtoto wa jirani ananitazama, nikamwambia kwa fahari, "Unaona? Hivi ndivyo mtu anavyoheshimiwa."

Tukaondoka. Yusta alilazwa kwenye ubao wa nyuma juu ya godoro, mkunga upande mmoja, mimi upande wa pili nimemshika kichwa. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Tulipopita kijiji cha kati, penye mashine ya Osia, likaanza kugonga, sauti kali kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Kisha moshi. Kisha likalegea. Mimi nikadhani Lutengano atalilazimisha, maana mlima ulikuwa unateremka na mtu yeyote mwenye haraka angelilazimisha. Yeye akalizima mara moja, akavuta breki ya mkono, akashuka.

Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa.

Akasimama vile vile, mkono umeshika kifuniko. Yusta alikuwa analia ndani, si kwa sauti kubwa, ila mfululizo. Lutengano hakuuliza ni nani. Nadhani alijua, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa bado inanuka. Nikashuka, nikasimama mbele yake, nikasema, "Ni mimi, baba." Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini siku ile nilimwita baba.

Akanitazama. Nilikuwa tayari kwa tusi, na lingekuwa halali yake. Akasema, "Mzee, gari ulilolilisha lilikwisha kufa. Hili ni jingine."

Alivua koti akaingia chini ya gari, akafungua bolti ya chini ya tangi, petroli ikaanza kumwagika kwenye ndoo na masufuria waliyoyaleta wanawake waliokuwa wanapalilia karibu na barabara. Mtu mmoja aliyekuja na sigara akafukuzwa na mkunga kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa madhabahuni. Mimi niliambiwa kitu kimoja tu: dizeli.

Nikapanda kurudi kwa Osia. Umri wangu mnauona. Nilipanda mlima ule nikiwa nimevua viatu, kwa sababu ya tope, na kila hatua nilimsikia Yusta, hata nilipokuwa nimefika mbali pasipo kusikika kitu. Nilimkuta Osia anasaga, foleni ya kina mama imejaa na madebe yao, kesho yake ikiwa ni sikukuu. Nikamweleza huku natweta. Nilimweleza yote, na la dumu pia.

Osia akaitazama foleni, akanitazama mimi. "Ina maana Mzee umetia petroli kwenye dizeli," akasema taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha asije akasingizia. "Wewe uliyeuliza habari za kupeleka mahindi."

"Mimi."

Akazima mashine. Nilitegemea kina mama wapige kelele, maana hakuna aliyekuwa na unga wa sikukuu. Mama mmoja mnene, aliyekuwa mbele kabisa, akatua debe lake chini akasema, "Tutakula viazi. Nyonyeni hiyo dizeli." Osia akaingiza mpira kwenye tangi la mashine, akavuta kwa mdomo, akatema, akajaza ndoo mbili. Moja akabeba yeye, moja wakapokezana kina mama, na mimi nikabeba aibu yangu peke yangu.

Tulipofika, Lutengano alikuwa amekwisha kuitoa petroli yote, amefungua chujio na kulifuta kwa kanga ya mtu. Wanawake walikuwa wamezungushia vitenge nyuma ya gari, na mkunga alikuwa ndani anamwimbia Yusta kwa sauti ya chini ili asisukume. Lutengano akamimina dizeli kidogo, akaizungusha tangini, akaimwaga, kusafisha. Kisha akamimina iliyobaki. Akalegeza vijibolti vya juu ya pampu, akawa anapampu kwa kidole gumba mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. Alifanya kila kitu kwa mpangilio, bila kuruka, na mimi nilitaka kumpigia kelele afanye haraka. Sasa najua kwamba ile ndiyo ilikuwa haraka yenyewe.

Akawasha. Likakohoa. Akawasha tena. Likatoa moshi mweupe, likakohoa mara nyingine, kisha likashika, likanguruma. Osia akapiga boneti kwa kiganja akasema, "Nenda, kaka mkubwa, na kaptula yako."

Ninayoyakumbuka kuhusu safari iliyobaki ni ya pale mtoni. Tope lilikuwa kama mnavyolijua. Zamani, gari la petroli hapo lilipiga kelele nyingi, likarusha matope mpaka juu ya miti, likazama. Hili liliingia polepole kama mwendo wa mtu mzima anayevuka na mzigo kichwani. Halikuongeza sauti. Lilivuta kutoka chini, hatua kwa hatua, na nilihisi ubao ukisogea chini ya magoti yangu mpaka tukatoka upande wa pili. Yusta akafumbua macho akaniuliza, "Baba, tumevuka?" Nikamwambia tumevuka.

Hospitalini walimpasua. Mtoto ni wa kike, mama ni mzima. Leo wamekaa pale mstari wa tatu, mtoto anatafuna kitenge cha mama yake. Lutengano alirudi bondeni bila kunidai kitu. Baadaye nilikwenda kwake kuomba msamaha kwa utaratibu, na mbuzi. Akamkubali mbuzi. Kisha akaniambia kwamba kosa lake nalo lipo, alipaswa kupita kila kijiji kutuambia tulimwage lile dumu. Alidhani habari za injini zinatosha. Nikamwambia hapana, baba, sisi ndio tuliokuwa na midomo ya kuuliza.

Mimi sikusoma sana. Siwezi kuwapa maana ya kila bolti. Lakini nimelitafakari jambo hili miezi yote hii, na linanitisha kwamba gari lile halikushindwa na mlima, wala na tope, wala na uzito wa moyo wake mpya. Lilishindwa na mtu aliyelipenda, akalilisha kama anavyolijua.

Nasema haya leo kwa sababu Alhamisi Hosea anarudi. Kwa wasiomjua, Hosea, mwana wa marehemu Tulinagwe, ndiye aliyekuwa akigema pombe ya ulanzi kwenye mianzi ya watu wote, na kuunywa kuliko wenye mianzi, mpaka mkewe akaondoka. Amekaa mjini kwa kaka yake. Kaka yake ameniambia kwa simu kwamba ameacha, na kwamba kuacha kwake hakukuwa jambo la siku moja. Ametetemeka, amefunguliwa, ameanza upya. Anarudi na sura ile ile na kicheko kile kile. Nami nimepita nyumba hadi nyumba wiki hii, nimeona. Mmemtengea ulanzi, ule mzuri, umejaa kwenye vyombo vya mwanzi, mbeta zenu, mmezifunika na majani. Mmefanya hivyo kwa sababu mnampenda, na sina ubavu wa kumlaumu yeyote.

Nina ombi moja tu kwenu. Alhamisi akiingia mlangoni mwako na kuketi, kabla hujamimina, muulize: siku hizi unakunywa nini? Kisha mpe hicho.